Tua, Geuka, Tweka: Foromali Iliyokatika Mlangoni Pangani

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Pangani. Nina mashua ya tanga ya mita 7, niliinunua mwaka jana kwa ajili ya kubeba nazi na abiria wachache. Mwezi wa saba tulitoka Kipumbwi mchana na magunia ya nazi, watu wanne. Kusi ilikuwa kali lakini ilikuwa nyuma yetu, na safari ilikuwa tamu mpaka tulipofika mlango wa mto kama saa kumi na mbili jioni. Mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa yanatoka. Nilipogeuza kuingia ndani, tanga likajibandika kwenye mlingoti, foromali ya mita 9 (mti unaobeba tanga) ikakatika pale inapofungwa henza (kamba ya kuipandishia), magunia yakahamia upande mmoja, mashua ikalala na kujaa maji. Tuliishika ubavuni mpaka wavuvi wakatuokoa. Sote wazima, alhamdulillahi. Fundi anasema foromali ilikuwa nyembamba, nichonge nene. Rafiki yangu anasema chombo ni chepesi, nipange mawe chini. Mzee mmoja wa hapa anasema nishone tanga dogo la Kusi. Nimsikilize nani? Na kosa langu lilikuwa wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni nyote. Msikilize yule mzee. Fundi na rafiki yako wanakutakia mema, lakini foromali nene isingezuia ajali ile, na mawe yangeigeuza msiba. Nitaeleza kwa nini. Kwanza nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye mambo.

Itazame safari yenu kama vile unaitazama kutoka juu. Kutoka Kipumbwi kuja Pangani chombo kinaelekea kaskazini, kikipanda kidogo mashariki. Kusi ya Julai inatoka kusini na kusini-mashariki. Kwa hiyo upepo ulikuwa mgongoni mwenu, ukijia zaidi upande wa kulia, na tanga lilikuwa limefunguka kushoto. Sasa mlango wa mto Pangani unatazama mashariki. Anayetoka kusini akitaka kuingia hana budi kukata kushoto, aelekee magharibi. Akikata hivyo, upepo uliokuwa nyuma kulia unavuka tezi, yaani nyuma ya chombo, na kumjia kutoka kushoto, na tanga lake bado liko kushoto. Ndicho kilichokupata. Upepo uliingia nyuma ya tanga, ukalisukuma likalalia mlingoti, na kuanzia hapo demani, ile kamba ya kuvutia na kuachia tanga, haikuwa na msaada. Hata ungeiachia, sehemu kubwa ya tanga ilikuwa imeshabanwa na mlingoti, haiwezi kumwaga upepo. Foromali ikapindwa na mlingoti katikati, mahali penye henza, ikakatika. Ingekatika hata ingekuwa mpya.

Kwa maneno mengine, uligeuza chombo kabla hujakisi tanga, yaani kulihamishia upande wa pili wa mlingoti. Wengi wanaojifunza kwenye maji tulivu ya asubuhi hufanya hivyo wasiadhibiwe. Tanga linapiga mlingoti, wanacheka, wanalihamisha taratibu, safari inaendelea. Mazoea hayohayo wanayapeleka kwenye Kusi ya alasiri.

Kukisi tanga huku chombo kinakimbia ni kazi ya watu wanaojuana. Unauweka upepo nyuma kabisa, unaiachia demani, mtu wa omo, yaani mbele ya chombo, anaifungua goshi, kamba ya mbele ya tanga, na kuivuta kuelekea mlingotini mpaka foromali inasimama wima, mwingine anaizungusha demani mbele ya mlingoti na kuipeleka upande wa pili, foromali inalazwa upya, goshi inafungwa, demani inakazwa. Kwa muda huo wote tanga linapepea huru juu ya vichwa vyenu, na ncha ya demani inapiga kama mjeledi. Upepo ukiwa wa wastani na mabaharia wakiwa wamezoeana, ni jambo zuri kulitazama. Kwa mashua ya mita 7 yenye magunia, mawimbi nyuma na watu wasiozoeana, mimi sikushauri kabisa. Fanya hivi: tua, geuka, tweka. Teremsha tanga lote, hamishia foromali upande wa pili wa mlingoti likiwa chini, elekeza omo unakotaka, kisha pandisha. Hakuna fahari inayopotea. Utapoteza dakika chache, na watakaokuwa wanakutazama kutoka ufukweni wanaojua bahari watajua kwamba unajua.

Ila mahali pa kulifanya ni muhimu kuliko namna ya kulifanya. Usingoje kufika mkabala na mlango. Kusi inakusukuma kaskazini, na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini, na wakati wa Kusi ndio unaokwenda kwa nguvu zaidi. Chombo kilichotua tanga kinachukuliwa na vyote viwili. Ukianza kazi ukiwa mkabala na mlango, ukimaliza utajikuta umeshaupita, na kurudi ni kubisha dhidi ya upepo na mkondo pamoja. Tua mapema, ungali kusini ya mlango, mbali na mchanga na mahali mawimbi yanapovunjika. Uelee ukifanya kazi yako kwa utulivu. Ukitweka, upepo tayari uko kushoto, tanga liko kulia, na mlango uko mbele yako chini ya upepo.

Sasa saa. Umeniambia mwezi ulikuwa mpevu na mlifika saa kumi na mbili jioni. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hujaa kama saa kumi alasiri, kisha yanaanza kutoka. Tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4 bamvua ikiwa kubwa. Maji hayatoki kwa kasi moja kwa saa zote sita. Saa ya kwanza yanajivuta, na saa ya tatu na ya nne peke yake hutoa karibu nusu ya maji yote. Ninyi mlifika saa ya tatu inaanza. Mto ulikuwa unamwaga maji yake pamoja na maji ya bahari yaliyoingia mchana, yote yanapita kwenye mlango mmoja wenye mchanga chini, na Kusi inasukuma mawimbi kuja upande wa pili. Mkondo ukipambana na wimbi, wimbi linafupika na kusimama. Lile wimbi refu lililokuwa likiwabembeleza tangu Kipumbwi likageuka ukuta. Hapo ndipo ulipochagua kugeuza, na hapo usukani huwa haushiki vizuri kwa sababu tezi inanyanyuliwa.

Ungefika saa tisa au saa kumi kasoro, maji yakijaa, mlango ungekuwa laini kuliko bahari ya nje, na hata kosa lile la kugeuza kabla ya kukisi huenda lingeishia kwenye foromali tu. Kama mizigo ilichelewa Kipumbwi, uamuzi ulikuwa palepale ufukweni: kulala. Nazi si samaki, zingelala na zisingeoza. Najua mwenye mali hupiga simu, najua abiria hunung'unika. Lakini nahodha akishatoka kwa saa isiyo yake, anafika mahali asipotakiwa kuwa, na akiwa pale hana tena la kuchagua.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lilikupumbaza njia nzima, nalo ni ule utamu wa safari uliousimulia. Upepo wa nyuma unadanganya. Tuseme siku ile Kusi ilikuwa noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, na mashua ilikuwa inakwenda noti 6. Wewe uliyekaa nyuma na kana, mti wa kushikia usukani, mkononi ulisikia noti 12 tu, kwa sababu ulikuwa unakimbia pamoja na upepo. Jua linawaka, maji hayarukii ndani, mnazungumza kwa sauti ya kawaida. Ukikata kuingia mlangoni, upepo ukakujia ubavuni, tanga linapokea kama noti 17. Na ungelazimika kurudi nyuma kwa kubisha, mwendo wa chombo ungejumlishika na upepo, ungepokea kama noti 21. Nguvu ya upepo kwenye tanga haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kwa hiyo kutoka 12 kwenda 17 nguvu inakuwa maradufu, na kutoka 12 kwenda 21 ni mara tatu. Tanga lilelile, mlingoti uleule, wewe hujagusa kitu ila kana.

Ndiyo maana ukienda na upepo wa nyuma usiulize ngozi yako upepo ukoje. Uliza maji. Povu jeupe likionekana hapa na pale tu, upepo uko kwenye noti 10 hivi. Likiwa limetapakaa kila upande unaotazama, umeshafika 17 mpaka 21. Na pale vichwa vya mawimbi vinapoanza kurusha manyunyu, umepita 22, nayo si bahari ya mashua yenye mzigo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, tangazo tunalolisikia sana miezi ya Kusi, hizo kilomita 40 ni kama noti 22. Mikupuo, ile mivumo ya ghafla, hupita hapo. Vijana wengi wanalisikia tangazo hilo kila wiki mpaka wanalizoea. Lichukue kama lilivyo: siku hiyo tanga kubwa libaki nyumbani, au na wewe ubaki nalo.

Niseme pia, kwa sababu watu huchanganya: Kusi si tufani. Vimbunga vikubwa tunavyovikumbuka pwani hii vilikuja wakati pepo zinabadilika: kile cha Zanzibar Aprili 1872, cha Lindi Aprili 1952, na Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024. Upepo wa Julai unajulikana. Asubuhi una adabu, jua likipanda nchi kavu inapata moto, upepo wa baharini unajiunga na Kusi, na kuanzia saa saba, saa nane mchana unafikia ukali wake. Ni upepo unaotoa taarifa kila siku. Ajali zake nyingi zinatokana na kuchelewa kuisoma taarifa hiyo.

Nije kwenye kamba. Hukuniambia demani ilikuwa imefungwaje, lakini sentensi yako ya "mashua ikalala" inanitia wasiwasi. Demani haifungwi fundo, hata siku moja, hata ukiwa peke yako na mkono umechoka. Ipitishe mara moja kwenye kigingi au kwenye ubao wa kukalia, upepo ukiwa mkali mara mbili, na mkia wake ubaki mkononi mwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Tazama mkono wa baharia mzuri: kidole gumba kiko juu ya kamba, kiganja kimefungwa nusu, hajaizungusha mkononi. Anayeizungusha kwenye kiganja ili asichoke, siku mkupuo ukija hawezi kuiachia, na vidole vyake ndivyo vinavyolipa. Na ikiwa demani yako ni ya nailoni mpya, ijaribu ikiwa imelowa. Nailoni iliyolowa inateleza kwenye kigingi ambacho kamba ya kumbi ingeshika, na mtu asiyejua hilo ndiye anayeishia kufunga fundo.

Mkupuo ukija na upepo uko ubavuni, mtu wa demani anaachia kwanza, bila kusubiri amri, kisha anakukuta wewe umeshaanza kuelekeza omo kidogo joshini, yaani kule unakotoka upepo. Chombo kikisimama, anavuta tena. Ukiona anaachia na kuvuta mfululizo, au kana imekuwa nzito kiasi cha kuishika kwa mikono miwili, tanga ni kubwa kwa upepo huo. Kana nzito ndiyo dalili ya kwanza, inakuja kabla maji hayajafika ukingoni. Wengi huichukulia kuwa kipimo cha nguvu zao za mkono.

Upepo ukiwa nyuma mambo ni tofauti, kwa sababu hapo kuachia demani hakupunguzi kitu. Hatari ni wimbi kukichukua chombo, omo ikachimba, tezi ikanyanyuka, usukani ukakosa maji, na mashua ikajigeuza ubavu yenyewe. Watu na mzigo wasogee nyuma kidogo, punguza tanga, na ikibidi buruta kamba ndefu nene nyuma ya chombo ili mwendo usizidi wa wimbi. Na kwa upepo wa nyuma usiruhusu omo ielekee kule liliko tanga hata kidogo. Acha nafasi, upepo ubaki kwenye bega la nyuma la upande mwingine. Nahodha anayelipeleka tanga huku upepo uko nyuma sawasawa kabisa anahitaji wimbi moja tu la kumzungusha.

Henza nayo. Nakisia, na utanirekebisha, kwamba siku ile henza ilikuwa chini ya magunia. Karibu kila chombo cha mizigo ninachokitazama bandarini hufanya hivyo, kwa sababu pale chini ya mlingoti ndipo penye nafasi. Henza lazima iwe wazi, imekunjwa vizuri, juu ya kila kitu, na imefungwa kwa kitanzi kinachoteguka ukivuta mkia. Tanga likishabandikwa kwenye mlingoti, la kuokoa ni kutua, na kutua kunategemea mtu mmoja kuipata kamba moja gizani, chombo kikiwa kimelala.

Mawe. Rafiki yako ana haki kusema chombo chepesi hulala upesi, na wazee wetu wote walitia farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Lakini fikiria jioni ile tena. Mashua yako ilijaa maji mpaka ukingoni na haikuzama. Iliwabeba watu wanne kwa sababu mbao zinaelea na nazi zinaelea, na magunia yaliyobanwa chini ya mbao za kukalia yalikuwa yanaisukuma juu. Weka pale kilo 300 za mawe na mashua iende chini, ninyi mbaki mkitazamana na magunia. Tena mawe yasiyofungwa yanafanya vilevile magunia yalivyofanya: chombo kikilala, yanateremkia demanini, ule upande uliolala, na kukimalizia.

Ukitaka uzito, tumia maji. Chukua madumu ya lita 20, yajaze maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka juu, funga vifuniko, yapange ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, pande zote mbili za mkuku (mti mkuu wa chini) na uyafunge kwa kamba kwenye mataruma (mbavu za chombo) yasisogee. Kila dumu ni kama kilo 20 za uzito chombo kikiwa kikavu. Chombo kikijaa maji, dumu la maji baridi halizamishi chochote, maana maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya bahari. Na mna maji ya kunywa. Kisha chukua madumu mengine matupu, yafunge kwa nguvu chini ya mbao za kukalia, nyuma na mbele. Dumu tupu likizamishwa linanyanyua kama kilo 20. Kumi tu ni kilo 200, na hiyo inasaidia kuiweka mashua yako mahali ambapo mnaweza kukaa ndani yake na kufua maji, yaani kuyatoa nje, badala ya kuning'inia nje. Siku mkirudi bila mzigo wa nazi mtayahitaji zaidi.

Magunia yenyewe yatenganishe kwa ubao wa katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, au yafunge mafungu kwenye mataruma. Mzigo ambao unaweza kuusukuma kwa mguu utasukumwa na bahari.

Mlipobaki na chombo hamkuogelea kuelekea ufukweni, na hilo lilikuwa sahihi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu mto unapotoka, ufuko wa Bweni, ng'ambo ya mto, unaonekana karibu sana, na mtu anayejiamini kwa kuogelea anashawishika. Mkondo wa bamvua mlangoni humshinda mwogeleaji yeyote. Chombo kilichojaa maji kinaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu hakionekani, hasa jua linapozama. Hukutaja majaketi ya kujiokolea, nami sitauliza. Yawepo manne safari ijayo, na yavaliwe kabla ya mlango, siyo yakaliwe. Simu moja iwe kwenye mfuko usioingiza maji, imefungwa mwilini mwa mtu. Upo mbili za kufulia maji, kila moja na kamba yake, kwa sababu kitu cha kwanza kuelea na kwenda zake huwa ni hicho cha kufulia.

Kuhusu mashine ya kubandika, ambayo najua wapo watakaokushauri: ni nzuri ukiwa nayo, lakini kwenye mlango wenye mawimbi yaliyosimama tezi hunyanyuka, panga lake la kusukumia maji huzunguka hewani na mashine hunguruma bure. Isikufanye uondoke saa ambayo usingeondoka kwa tanga.

Sasa fundi wako. Simlaumu, yeye ameona mti uliokatika akafikiria mti. Foromali nene ni uzito ulioongezwa juu kabisa ya chombo, mahali pabaya kuliko pote, kwa hiyo mashua italala upesi zaidi. Na siku tanga likibandikwa tena, nguvu ileile itatafuta kitu kingine cha kuvunja. Kama si foromali itakuwa mlingoti, na mlingoti ukienda unaweza kung'oa ubao unaoushika na kufungua chombo. Afadhali foromali ikatike. Foromali njema hupinda ncha zake upepo ukizidi, tanga linafunguka juu na kumwaga kiasi. Mwambie akuchongee ya unene uleule, ya mti usio na vifundo karibu na mahali pa henza, na pale henza inapokaa azungushie kamba au ngozi ili mti usisagike.

Kisha tanga la yule mzee. Majahazi ya zamani yalibeba matanga zaidi ya moja kwa sababu hii, kubwa kwa upepo mdogo na dogo kwa upepo mkubwa, maana tanga letu la foromali si rahisi kulipunguza likiwa juu. Mwambie mshonaji apunguze kila upande kwa sehemu moja ya tano. Inaonekana kidogo, watu watakuambia hujafanya kitu. Lakini eneo la kitambaa linashuka mpaka asilimia 64, na kwa kuwa tanga zima limeshuka, upepo unalisukuma mahali pa chini zaidi, hivyo nguvu ya kukilaza chombo inabaki karibu nusu ya ile ya zamani. Kwa Kusi ya noti 18 mashua yako bado itakwenda mwendo mzuri. Tofauti utaisikia kwenye kana.

Na foromali ya tanga hilo unayo tayari. Tanga dogo linataka mti wa mita 7 na kidogo, na wewe una vipande viwili vya ile ya mita 9. Kata ncha zilizochanika mpaka ufikie mti mzima, vipandishe kimoja juu ya kingine kwa mita moja na nusu hivi, chonga pande zinazogusana zilale bapa, kisha funga sehemu tatu, kila sehemu mizunguko ya kutosha, ukikaza kila mzunguko kwa kijiti kabla ya kuweka unaofuata. Foromali ndefu za pwani hii zimekuwa zikiungwa hivyo siku zote, na pale penye kiungo ndipo penye nguvu, kwa hiyo henza ifungwe hapo. Ukimaliza, itweke na tanga lake dogo mashua ikiwa imefungwa nanga ndani ya mto, wewe na wenzako watatu, mfanye tua na tweka mpaka kila mmoja aweze kuipata henza amefumba macho.